Huyu Kevina ni nani hasa? Mdogo wangu anataka kwenda kwa masista wake

binti_wa_igoma

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nyumbani limeshakuwa jambo la kikao.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilikuwa Kampala kumuuguza shangazi. Siku ya kwanza nashuka kwenye basi miguu imevimba, namwambia wa boda nipeleke hospitali ya Nsambya, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kule "kwa Kevina?", nikamwambia hapana kaka, Nsambya, akacheka akasema panda twende. Nikajua kaniona mgeni anataka kunizungusha. Kumbe ndo hukohuko. Halafu wodini mama wa kitanda cha jirani ana binti anaitwa Kevina, na mtaani nikasikia mtu anamtania mwenzake anayegawa gawa hela kwamba "unafikiri hapa ni Kevina?". Nikaona haya makubwa, nikapanga kuuliza ila uuguzaji mnaujua, nikasahau.

Sasa nimerudi Mwanza nakuta mdogo wangu wa mwisho (ana miaka 20, kamaliza kidato cha sita) katangaza anataka utawa. Na sio kwa masista wa hapa karibu tuliowazoea, hapana, anataka Masista Wadogo wa Mt. Fransisko, makao makuu Nkokonjeru, Uganda. Mwanzilishi: Mama Kevin. Nikashtuka, nikasema eeh, Kevina huyuhuyu?

Baba kagoma. Anasema hatoi mtoto kwa watu asiojua walianzaje, na eti shirika la kike lililoanzishwa na mtu anaitwa Kevin hilo nalo ni la kuliangalia mara mbili 😂. Mama yeye kanyamaza tu, na mama akinyamaza ujue.

Maswali yangu ndo haya, alikuwa nani huyu mama, na kama alikuwa tayari sista wa shirika lingine aliwezaje kuanzisha la kwake, maana mdogo wangu anasema alianzisha mawili, na je ni mtakatifu au bado? Jioni namsomea baba majibu kwahiyo andikeni vizuri jamani, mzee yuko makini.

mseminari_mstaafu

Dada pole na uuguzaji, na mzee shikamoo kama unasikiliza.

Mimi nilikaa seminari miaka sita nikatoka, saa hizi nafunga sola, ila historia ya kanisa haikutoka kichwani.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Kazaliwa 28 Aprili 1875 kijijini Knockenrahan karibu na Arklow, jimbo la Wicklow nchini Ireland, mtoto wa mkulima. Baba yake alifariki miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama akaolewa tena, naye akafariki binti akiwa na miaka 10, akachukuliwa na bibi mzaa mama, bibi naye akaondoka binti akiwa na 17. Yaani huyo mpaka anafikisha miaka 20 alishazika wote waliomlea. Akafundisha shule kidogo, kisha mwaka 1895 akaingia kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London.

Kuhusu jina, mzee asiwe na wasiwasi. Zamani mtawa akipokelewa alipewa jina jipya la mtakatifu, awe wa kike awe wa kiume, ndo maana hata kwetu kuna masista vikongwe wanaitwa Yohane au Aloisi na hakuna anayeshangaa. Mt. Kevin ni mtawa wa karne ya 6 aliyeanzisha monasteri ya Glendalough, na Glendalough iko hukohuko Wicklow. Kwahiyo binti kachukua jina la mtakatifu wa kwao, basi. Mwaka 1898 akawa Sista Mary Kevin, na neno alilojichagulia liwe dira yake lilikuwa "Kwa ajili yako, Bwana".

Sasa hapa ndo patamu. Huyu hakutaka Afrika kabisa! Alitaka Marekani, kwa Waafrika wa kule, kwa sababu shirika lake lilikuwa na kazi Baltimore tangu 1881. Akasubiri, akasubiri, hakupangiwa. Mwaka 1902 Askofu Henry Hanlon wa Uganda akaandika akiomba masista.

Na sababu ya kuwaomba ni siasa tupu, ngoja niwape maana wengi hawaijui. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki Uganda walikuwa White Fathers, walifika 1879, Wafaransa. Waprotestanti walikuwa Waingereza. Basi Waganda wakaelewa kwamba Mkatoliki maana yake Mfaransa na Mprotestanti maana yake Mwingereza, na wakaitana hivyohivyo, na mwaka 1892 wakapigana vita kabisa hapo Mengo, Wafransa kwa Wangereza, wote weusi tii. Roma ikaona huu ni mkorogo, ikaleta mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza kuonyesha kwamba kuna Mwingereza Mkatoliki pia. Walifika 1895, wakakaa kilima cha Nsambya. Sasa uchekeshaji ni kwamba huyo "Mwingereza" wao wa kuonyesha watu, Sista Kevin, ni Muairishi 😀 na Muairishi wa enzi zile ukimwita Mwingereza mnagombana.

Masista sita wakaondoka London 3 Desemba 1902, meli mpaka Mombasa, wakapanda treni mpaka Kisumu (reli ilikuwa imefika ziwani mwisho wa 1901, bado inanukia rangi), wakavuka ziwa kwa boti, na 15 Januari 1903 wakawa Nsambya. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Sio kwamba nasema kwa mapambo, mwembe kweli, na hapo ndo ilipoota hospitali uliyokuwa unamuuguzia shangazi.

Nitarudi kwenye swali la shirika ndani ya shirika, nina mteja hapa anapiga simu.

gikondi_finest

Wacha nikuje na swali la kijinga. Huyu si ndio yule sista walimtangaza mwenye heri Nyeri 2015? Nilienda hiyo siku na shosho, watu walikuwa wengi mpaka tukaonea kwa skrini.

mseminari_mstaafu

@gikondi_finest hapana ndugu, yule ni Irene Stefani, Mwitaliano wa Konsolata, ndo mliyemwita Nyaatha. Alifariki 1930 kwa tauni aliyoipata kwenye kuuguza. Yule hakuanzisha shirika, alikuwa sista wa kawaida tu, na ndo uzuri wake. Ila umechanganya watu wenye jambo la kufanana, wote wawili walipewa jina na wenyeji na jina la wenyeji likashinda la kwenye karatasi. Na wote wawili waliwauguza mapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, Nyaatha alifika mpaka Kilwa na Dar, Kevin kwake pale Nsambya.

Kwa wasiojua, mapagazi hao ndo Kariakoo, ile ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Jina limetoka kwa kikosi chao, Carrier Corps.

nesi_wa_zamani

Binti shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa 😄. Mimi ni mama mtu mzima, nimestaafu unesi, na ukunga nilisomea hukohuko Kampala enzi zile tunavuka na meli kutoka Bukoba, kwahiyo huyu mama nilisikia habari zake kwa watu waliomuona kwa macho.

Nataka niongelee kitu kimoja ambacho watu wa dini huwa wanakiruka, UKUNGA. Mwenzangu hapo juu kasema mwembe. Chini ya huo mwembe ulifika ugonjwa wa malale, na malale ya wakati ule sio mchezo, kwenye mwambao wa ziwa upande wa Buganda na Busoga yalimaliza zaidi ya watu 200,000 ndani ya miaka kama 20. Ndui nayo ikapita. Hayo yote masista waliruhusiwa kuyashughulikia. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hawakuruhusiwa kumzalisha.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Sheria ya kanisa ilikataza watawa kufanya udaktari na hasa uzalishaji, walisema haviendani na nadhiri ya usafi. Kwahiyo fikiria wewe ni sista, una mikono, una maji ya moto, una nyuzi, mama analetwa kwenye machela siku ya tatu mtoto kakwama, na wewe kitabu kinakwambia kaa pembeni.

Mama Kevin alilizunguka kwa akili. Mwaka 1919 alifika daktari mwanamke, Evelyn Connolly, mlei, sio sista, kwahiyo sheria haimgusi. Wawili hawa mwaka 1921 wakafungua shule ya manesi na wakunga Nsambya, wanafundishwa mabinti wa Kiafrika. Umeona ujanja? Kama mimi siruhusiwi, nitamfundisha binti yako atakuzalisha mwenyewe. Na huku akiendelea kugonga mlango wa Roma pamoja na wengine waliokuwa wanadai jambo hilohilo, mpaka Februari 1936 Roma ikaachia, masista wakaruhusiwa kusomea udaktari na ukunga. Miaka 33 tangu afike! Mimi ningekata tamaa wiki ya pili.

Nimezalisha kwa miaka mingi, sijui idadi, na kila nikishika mkasi wa kukatia kitovu najua kuna mtu alisubiri miaka 33 ili hili liwe kitu cha kawaida.

Na ukoma pia msisahau, vituo vya Nyenga na Buluba ni mkono wake, miaka ya 30. Buluba ndo pale alipokuja kufanya kazi daktari Wanda Błeńska kutoka Poland kuanzia 1951, akakaa miongo.

Mwambie baba yako binti akienda huko hatakaa tu anasali, atafanya kazi mpaka mgongo ukatae.

kichwa_ngumu

Naheshimu maoni ya wote ila mnampamba sana. Mzungu akija na panadoli mnamjengea sanamu. Hao mapagazi walipelekwa kwenye vita isiyowahusu, wakafa makumi kwa maelfu, wengi sio kwa risasi bali kwa kuhara na njaa, halafu serikali ileile ya Uingereza iliyowapeleka ikampa sista medali ya MBE mwisho wa 1918 kwa kuwaosha vidonda. Wao walipewa nini?

Pili, "alianzisha shirika". Alianzisha na nani? Mseminari kamtaja bibi mzaa mama wa Ireland, sawa, lakini wale mabinti wa Kiafrika walioingia mara ya kwanza mbona kila sehemu wanatajwa kwa idadi tu, wanane, wanane, wanane. Kama mayai.

Simkatazi binti kwenda. Nauliza tu.

mseminari_mstaafu

Nimerudi. @kichwa_ngumu la medali sina ugomvi nalo, ila kumbuka hakuiomba, na mwaka huo kwao Ireland wenyewe walikuwa wanajiandaa kumtimua Mwingereza. La mabinti wanane una haki kabisa, kaka, sina cha kukujibu.

Sasa swali la dada. Shirika sio kampuni kwamba ukiwa na hisa huku huwezi kuwa nazo kule. Kuanzisha shirika maana yake unakusanya watu wenye karama moja, askofu wa mahali anakubali, mnaandikiwa katiba, mnakuwa na nyumba ya unovisi (malezi ya watawa wapya), na Roma inapewa taarifa kwa utaratibu wake. Anayekusanya sio lazima naye ahamie humo. Mama Kevin mwaka 1923 alianzisha Masista Wadogo wa Mt. Fransisko, wa Kiafrika, kazi yao ualimu na uuguzi, lakini yeye mwenyewe aliendelea kuwa sista wa Mill Hill mwenye joho la Mill Hill. Ni kama kungwi, anamcheza mwali lakini haolewi yeye.

Na alilenga mbele. Mwaka 1928 akafungua nyumba ya unovisi Holme Hall, Yorkshire, kwa ajili ya mabinti wa Ulaya wanaotaka Afrika moja kwa moja. Hao wakaongezeka, na mahitaji ya Afrika yakawa makubwa kuliko shirika mama la London linavyoweza kuyaendesha kwa barua, kwahiyo mwaka 1952 tawi la Afrika likakatwa likawa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari kwa ajili ya Afrika, makao Mount Oliver, Dundalk, Ireland. Yeye akawa mkuu wa kwanza. Piga hesabu, ana miaka 77.

Ndo hayo mawili. La kwanza la mabinti wa hapa, la pili la wanaokuja. Anakokwenda mdogo wako ni la kwanza, na wapo Uganda, Kenya na Tanzania, kwahiyo sio kwamba anapotelea ng'ambo ya ziwa.

muganda_wa_jinja

Nasoma nacheka kwa sababu mnajadili mtu wetu bila sisi. Kiswahili changu ni cha Uganda mnisamehe.

Kwanza hilo jina. Luganda haitaki neno liishie na konsonanti, kwahiyo Kevin inakuwa Kevina, na hapo ikawa jina la kike safi, mabinti wengi sana kwetu wanaitwa hivyo na ukiwaambia Ulaya ni jina la mwanaume wanakataa. Halafu Kevina ikawa kitu, sio mtu. Mahali pa kutibiwa, mahali pa kusaidiwa bure. Ndo maana dada umesikia "unafikiri hapa ni Kevina?", maana yake hapa sio pa bure, lipa.

Pili nirekebishe kidogo kabla mtu hajaandika kwamba alikuwa wa kwanza kuwapokea mabinti weusi. Hapana. Upande wa White Fathers, Masaka, kwa Askofu Streicher, Bannabikira walianza 1910. Kevin alikuja baada. Lakini mwaka huo wa 23 bado jambo lilikuwa gumu, na sio kwa sababu ya wazungu peke yao. Muulize mzee yeyote wa kwetu. Mwanamke anayeishi peke yake bila mume tuna neno lake, nakyeyombekedde, na sio neno la sifa hata kidogo. Sasa wewe ni baba, una binti, mahari yake umeshaihesabu kichwani ng'ombe mmoja mmoja, anakuja anasema hataolewa, hatazaa, atafundisha watoto wa watu na kuosha wagonjwa wa watu. Kwa hiyo @kichwa_ngumu hao wanane mimi nawaona ni waanzilishi sawa na yeye. Yeye alikuwa hana baba wa kumkatalia. Wao walikuwa nao.

Hapo ndo mimi nampenda Kevin kuliko hata hospitali. Angeweza kuleta masista wa Ulaya mpaka wajae. Aliona wakiondoka wao hakutabaki mtu, akaweka wetu. Na shule pia, Namagunga ya wasichana, 1942, ni yeye, na ukikutana na mwanamke wa Uganda anayeongea bila kuinamisha kichwa muulize alisoma wapi 😀

Tatu, kifo. Alistaafu ukuu 1955 na miaka 80, mkadhani watampumzisha? Wakamtuma Marekani, Boston, kutafuta hela za misioni. Ile Marekani aliyoitaka akiwa binti akaipata akiwa bibi. Akafia huko 17 Oktoba 1957. Mwili ukapelekwa Ireland. Uganda wakasema hapana. Wakristo wakaomba, wakadai, mpaka akaletwa, akazikwa Nkokonjeru 3 Desemba 1957. Angalieni tarehe aliyoandika mseminari hapo juu ya kuondoka London. Ni 3 Desemba 1902. Miaka 55 kamili kwa siku. Na ni sikukuu ya Fransisko Ksaveri msimamizi wa misioni, basi wazee wetu hiyo waliichukua kama muhuri.

Nkokonjeru kwa Luganda ni kuku mweupe. Mwambie baba mtoto anaenda kwa kuku mweupe, labda atacheka.

gikondi_finest

Hiyo ya mwili imenishika bana. Mtu anafia Boston, kwao ni Ireland, na watu wa kilima kule Uganda ndio wanasema leteni mtu wetu. Na lazima ilikuwa pesa mingi hiyo, 1957.

@mseminari na sasa yuko wapi kwa ile laini ya utakatifu? Nyaatha wetu ashakuwa mwenye heri.

mseminari_mstaafu

Yuko ngazi ya kwanza, Mtumishi wa Mungu. Kesi ilifunguliwa Novemba 2016, jimbo la Lugazi, maana Nkokonjeru iko humo. Ngazi hiyohiyo yuko Mwalimu Nyerere wetu. Utaratibu ni kwamba jimbo linakusanya ushahidi wa maisha yake, barua, watu waliomjua, kila kitu, vinapelekwa Roma, wakiridhika kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa anapanda anaitwa mheshimiwa, kisha unatakiwa muujiza mmoja uliothibitishwa awe mwenye heri, na mwingine baada ya hapo awe mtakatifu. Kuna waliochukua miaka 20, kuna waliochukua 400. Kwahiyo dada jibu la baba ni bado, lakini faili liko mezani.

kichwa_ngumu

@muganda_wa_jinja umejibu vizuri kuliko nilivyotegemea. "Wao walikuwa nao." Hiyo nimeikubali. Ila majina yao bado nayataka, yaandikwe sehemu, kwa herufi kubwa kama lake.

muganda_wa_jinja

@kichwa_ngumu njoo Nkokonjeru, ukae na masista wazee, ulete daftari. Chai utapewa. Kevina, sio ya kulipa 😂

binti_wa_igoma

Jamani asanteni, sikutegemea. Mama nesi shikamoo ya kweli sasa, nimesoma ile ya machela mara mbili.

Swali dogo la mwisho kabla sijamsomea mzee. Akiingia ndo imetoka? Yaani akifika huko akaona sio kwake, anaweza kurudi bila aibu? Maana mama ndicho anachokiwaza nadhani, ila hasemi.

nesi_wa_zamani

Marahaba mwanangu. Mama yako anawaza kama tulivyowaza sote. Mwambie hakuna mtu anayefungwa kamba. Nimefanya kazi na wasichana waliotoka utawani wakaolewa wakawa manesi wazuri mno, mmoja nimemsimamia harusi.

mseminari_mstaafu

Kama mimi niliyetoka nikawa fundi sola 😂 hakuna aibu.

Kwa utaratibu, kwanza atakaa kama mgeni wa kuangalia, kisha mpostulanti (mwombaji), anawaangalia wanamwangalia. Kisha unovisi, usiopungua mwaka mmoja kwa sheria ya kanisa, mashirika mengi ni miwili. Ndipo nadhiri za muda, na hizo lazima zipite si chini ya miaka mitatu kabla ya nadhiri za daima, wengi wanafika mitano sita. Muda wote huo mlango uko wazi, zikiisha nadhiri za muda anaweza kubeba begi akarudi Igoma na hakuna wa kumuuliza. Kwahiyo mzee hamtoi mtoto leo, anampa nafasi ya kwenda kuangalia.

Na mwambie aende na vyeti vyake vya ubatizo na kipaimara, barua ya paroko, na vyeti vya shule. Barua ya paroko ndo inachelewesha wengi, aianze mapema.

binti_wa_igoma

Mrejesho wakuu.

Nimemsomea baba jana usiku baada ya kula, yote, hata ya kuku mweupe, hakucheka. Alisikiliza kimya kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Pale pa mahari alikohoa kidogo. Pale pa wale mabinti wanane na baba zao akaniambia rudia, nikarudia.

Nilipomaliza akauliza swali moja tu, huyo Kevina baba yake alisemaje alipotaka kwenda. Nikamwambia baba nimeshasoma hapo mwanzo, baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Akasema aah, ndiyo, nimesikia.

Akakaa. Halafu akamwita mdogo wangu kwa jina lake lile la utotoni ambalo hajamwita tangu yuko darasa la saba, akamuuliza, hiyo barua ya paroko inaandikwa siku gani.